Maziwa Yaliyokataa Kuganda



Imetubidi leo tuungame kosa letu mbele yenu, kwani aibu ya kusema ni nyepesi kuliko dhambi ya kunyamaza.

Hapa nyumbani twafuga ng'ombe watatu, na majirani hununua maziwa kwetu. Mwaka jana mmoja wao alivimba kiwele, maziwa yakawa yatoka na vibonge. Bwana mifugo akamtia penisilini ndani ya chuchu, akatuachia na nyingine, na akatuusia mambo mawili: tuimalize dawa yote, na tuyamwage maziwa mpaka zitimie siku alizotuhesabia. Siku ya pili kiwele kikanywea. Tukajiona werevu: dawa tukaiweka akiba, na maziwa tukayauza.

Haukupita muda akaja bibi mmoja jirani, auzaye mtindi, na kibuyu chake mkononi. "Mwanangu," akasema, "maziwa haya yana nini? Siku ya pili leo, nayo hayagandi."

Jibu tulilijua, walakini ulimi ulikuwa mzito. Dawa iliyokuwamo ndiyo iliyoviua vile vijidudu vyema vigandishavyo maziwa. Tulimwambia kweli, tukamrudishia fedha zake, kisha tukapita nyumba kwa nyumba kwa wengine waliotuamini. Baada ya siku chache kiwele kikavimba tena, na dawa ile ile haikumfaa kitu.

Sababu alitueleza bwana mifugo. Dawa huviua kwanza vijidudu vilivyo dhaifu. Ikikatizwa kabla ya wakati wake, vilivyo vigumu husalia, vikazaana, na hata vikapeana silaha ya kuikinga dawa. Alexander Fleming, aliyeigundua penisilini mwaka 1928, alionya jambo hili mwaka 1945 katika hotuba yake ya Tuzo ya Nobel: dawa isiyotosha huvizoeza vijidudu kuistahimili.

Wala vijidudu hivyo havibaki zizini. Salmonela huweza kukaa tumboni mwa ng'ombe aonekanaye mzima, ikatoka na mavi, ikagusa chuchu, mikono na ndoo. Mwaka 1985, katika jimbo la Illinois na majimbo ya jirani huko Marekani, maziwa ya kiwanda kimoja yalieneza salmonela iliyokwisha zoea dawa, na wagonjwa waliothibitishwa walizidi 16,000. Na maziwa hayo yalikuwa yamepashwa moto kiwandani! Basi kuchemsha ni lazima, lakini chombo kichafu huyarudishia maziwa madhara yake baada ya moto. Tena mabaki ya dawa hayaondoki yote kwa kuchemshwa. Na mtoto akiugua kwa vijidudu vilivyozoea dawa, huenda daktari akatafuta ya kumponya asiipate kwa urahisi.

Enyi ndugu zetu, mtu akitia maji katika maziwa sote twasema amehadaa watu. Je, aliyeficha dawa ndani yake tumwiteje? Muuza maziwa ameshika amana ya mtoto asiyejua kuuliza. Maziwa tuliyoamriwa kuyamwaga yalikuwa hasara ya siku chache tu. Tulipoyauza tulikula fedha isiyo halali yetu.

Tangu siku hiyo ng'ombe anayetibiwa twamfunga kitambaa chekundu mguuni, ili kila mkamaji ajue. Mwenyezi Mungu atusamehe yaliyopita, na atupe sote taufiki ya kutimiza amana. Amin.