Kilatini cha Buxton

Katika miaka yangu ya ualimu, sikuhudhuria mkutano wa wazazi ambao halikuzuka swali hili: mtoto wa mkulima atayafanyia nini masomo makubwa? Kwa hiyo niliposoma habari za Buxton, makazi madogo ya Ontario nchini Kanada, zilinishika.

Mwaka 1849 William King, mchungaji wa Kipresbiteri, alifika huko na watu 15 aliokuwa amewaacha huru. (Ndiyo, naye aliwahi kumiliki watumwa, si jambo la kufichwa.) Zilipatikana ekari 9,000 kwa ajili ya watu weusi, wengi wao waliokimbia utumwa Marekani. Kila familia ilinunua ekari 50, kwa dola 2.50 ekari moja, ikilipa kidogo kidogo kwa miaka 10. Wazungu wengi wa jirani walipinga, wakiongozwa na mwanasiasa Edwin Larwill.

Mwaka 1850 shule ikafunguliwa. Mtu angetegemea wafundishwe useremala na kilimo, basi. Lakini msitu mzima ulikuwa ukiwangoja na mashoka. Kazi za mikono hawakuzikosa. Darasani walisoma hata Kilatini na Kigiriki. Kilatini hakiotishi mahindi, nakubali, ila siku zile bila hicho chuo kikuu hakikumpokea mtu. King hakutaka kumwamulia mtoto mapema kwamba hatafika huko. Anderson Ruffin Abbott alisoma Buxton, na mwaka 1861 akawa mtu mweusi wa kwanza mzaliwa wa Kanada kupata leseni ya udaktari.

Kinachonifurahisha zaidi ni majirani wale wale. Walipoona mafundisho ya shule hiyo, walianza kuwaleta watoto wao wakae dawati moja na watoto weusi, hata shule yao ya karibu ikafungwa kwa kukosa wanafunzi. Na hayo yalitokea wakati sheria ya mwaka huo huo wa 1850 ikiruhusu shule za watu weusi zitengwe. Kwingineko ilitumiwa kuwafungia watoto mlango. Kifungu hicho kilifutwa mwaka 1964 tu, na shule ya mwisho ya ubaguzi katika Ontario ikafungwa mwaka 1965.

Wanakijiji walijenga shule nyingine mwaka 1861. Watoto waliisomea hadi 1968, na jengo lingali limesimama, sasa likiwa sehemu ya makumbusho.