Nani atakalia kiti cha John Thompson?

Tarehe 9 Machi 2023, Chuo Kikuu cha Georgetown, mjini Washington, kilimwachisha kazi Patrick Ewing, kocha wa timu yake ya mpira wa kikapu ya wanaume. Tarehe 20 ya mwezi huohuo jina la mrithi wake likajulikana. Katika siku hizo kumi na moja mimi, mwanafunzi wa lugha hapa Lubumbashi, nilikuwa na orodha ya watu wanne nyuma ya daftari langu la fonolojia, nikiifuta na kuiandika upya karibu kila asubuhi. Wenzangu wa darasa waliniuliza swali ambalo hata wewe, ndugu msomaji, unaliuliza sasa: Mkongomani ambaye hajakanyaga Marekani ana habari gani na kiti hicho?

Jibu langu ni Dikembe Mutombo. Wengi wetu tunamkumbuka kama yule bwana wa mita 2.18 aliyezuia mipira ya watu kisha akatikisa kidole kimoja, kama mzazi anayemkanya mtoto mbele ya chungu. Wachache katika kitivo chetu wanajua kwamba alikuwa mwenzetu wa fani. Alitoka Kinshasa, ambako alisoma chuo cha Boboto cha Wajezuiti, akafika Georgetown, chuo kingine cha Wajezuiti, mwaka 1987. Alikuwa na bursari ya serikali ya Marekani na nia ya kuwa daktari. Kiingereza chake kilikuwa kidogo sana. Mwaka wa kwanza hakuichezea timu ya chuo. Alipoondoka mwaka 1991 alikuwa na shahada ya isimu na diplomasia, na katika maisha yake alijulikana kama mtu wa lugha tisa, Chiluba na Lingala zikiwemo. Mwaka 2007 hospitali aliyoijenga Kinshasa kwa jina la mama yake, Biamba Marie Mutombo, ilifunguliwa. Mtu wa namna hiyo, uwanja ulimpata wakati darasa limekwisha kumshika. Ndiyo maana naamka saa nane za usiku, saa ambayo Washington bado ni jioni, kufuata matokeo ya chuo hicho kwenye simu, kama umeme na mega vinaniruhusu.

Aliyemfundisha Mutombo mpira alikuwa John Thompson, kocha wa Georgetown kuanzia 1972 hadi 1999. Mwaka 1984 timu yake iliifunga Houston 84 kwa 75 katika fainali ya vyuo, naye akawa kocha wa kwanza Mweusi kuchukua kombe hilo. Ukimsifu kwa kombe peke yake, umesoma jalada ukaacha kitabu. Ofisini kwake aliweka mpira usio na upepo, ili kila kijana anayeingia akumbuke kwamba siku moja upepo utaisha na maisha yatabaki. Kwenye benchi, karibu na makocha wasaidizi, alikaa Mary Fenlon, mwanamke aliyewahi kuwa mtawa, ambaye kazi yake ilikuwa kufuatilia masomo ya wachezaji. Januari 1989 Thompson alitoka uwanjani kabla ya mechi kuanza, kupinga kanuni mpya ambayo, kwa maoni yake, ingewafungia mlango wa chuo vijana maskini, hasa Weusi. Na kuna hesabu moja inayotajwa kila anapotajwa yeye: kati ya wachezaji 77 waliokaa naye miaka yote minne, 75 walipata shahada.

Hapo ndipo nilipopata kipimo changu. Ukitaka kumpima kocha wa chuo, usianze na wale waliofika NBA. Hao wana mashahidi wa kutosha, na huenda wangefika hata kwa kocha mwingine. Uliza wale ambao hawakufika wako wapi.

Sisi watu wa lugha tuna sababu ya ziada ya kuuliza hivyo. Hapa mjini tunasema «antreneri», tumelichukua kwa Wafaransa. Watanzania husema «kocha», lakini ukisikiliza mashabiki wao utasikia pia wakimwita «mwalimu»: mwalimu kapanga kikosi, mwalimu kamtoa mshambuliaji. Unaweza kudhani ni heshima tu. Sasa tazama neno la Kiingereza lenyewe. Coach ni gari la farasi, jina lililotoka Kocs, kijiji cha Hungaria kilichosifika kwa magari hayo. Katika karne ya 19 wanafunzi wa Oxford walianza kuliita hivyo, kwa utani, yule mwalimu wa pembeni anayembeba mwanafunzi mpaka avuke mtihani. Michezo ililichukua neno baadaye. Kwa hiyo kabla ya kuwa mtu wa uwanja, kocha alikuwa mtu wa mtihani. Mtanzania anayemwita kocha wake mwalimu amelirudisha neno nyumbani kwake bila kufungua kamusi.

Nikiwa na kipimo hicho mkononi, nilianza na jambo ambalo wazee wa Georgetown walilipenda kuliko yote: mtoto wa nyumbani. Baada ya Thompson kuacha, kiti alipewa Craig Esherick, aliyewahi kuwa mchezaji wake na msaidizi wake. Kisha kikaenda kwa John Thompson III, mwanawe wa kuzaa, ambaye mwaka 2007 aliifikisha timu kwenye nne bora. Mwaka 2017 kikaenda kwa Ewing, nahodha wa enzi ya kombe, ambaye alikuwa hajawahi kuwa kocha mkuu mahali popote. Toka 1972 hadi 2023 kiti hakikutoka nje ya ukoo wa Thompson. Miaka 51! Sisi Wakongomani hatuhitaji kufafanuliwa mantiki hiyo. Tunaijua katika ofisi, katika makanisa, hata katika chama cha akiba cha mtaa: mpeni wetu, anatujua. Ewing aliwajua kweli, na mwaka 2021 aliwapa kombe la ligi yao ya Big East. Msimu uliofuata timu ilicheza mechi 19 za ligi ikapoteza zote 19. Kulijua jina la nyumba ni jambo moja, kuijua kazi ya nyumba ni jambo lingine. Katika orodha yangu, basi, hakuwemo mtoto wa nyumbani hata mmoja.

Wa kwanza niliyemwandika alikuwa Rick Pitino. Kwa ushindi hana wa kumtishia: kombe la taifa akiwa na Kentucky mwaka 1996, lingine akiwa na Louisville mwaka 2013. Lakini hilo la pili lilifutwa na NCAA mwaka 2018, kwa makosa yaliyotendeka ndani ya timu yake, na mwenyewe alikuwa amekwisha kuondolewa mwaka 2017 kwa kesi nyingine, ambayo baadaye yeye binafsi hakupewa adhabu. Alikuwa na miaka 70. Angeshinda, sina shaka. Nilimfuta, nikamrudisha usiku niliposoma tena matokeo ya Ewing, nikamfuta tena asubuhi. Kwenye kiti cha mtu aliyeweka mpira bila upepo ofisini, sikuweza kumwona.

Wa pili alikuwa Mike Brey, mwana wa viunga vya Washington, aliyekaa Notre Dame miaka 23. Huyu kipimo changu kilimpenda. Timu zake bora zilijengwa na vijana wa mwaka wa tatu na wa nne, na mwaka 2015 na 2016 zilifika nane bora mfululizo. Ila msimu wake wa mwisho ulikuwa ushindi 11 na vipigo 21, na alikuwa ametangaza tangu Januari kwamba anaondoka. Mwalimu mwema aliyechoka bado ni mwalimu aliyechoka.

Wa tatu, Kim English, alikuwa na miaka 34 tu na misimu miwili ya ukocha mkuu katika George Mason, ng'ambo ya mto kutoka Washington. Kwake swali langu halikuwa na jibu, kwa kuwa wanafunzi wake walikuwa bado mikononi mwake. Huwezi kuhesabu mavuno ya shamba lililopandwa jana.

Wa nne alikuwa Ed Cooley wa Providence. Alizaliwa katika mji huohuo wa Providence, katika umaskini, na kwa sehemu kubwa alilelewa na familia ya jirani, jambo ambalo hapa kwetu halimshangazi mtu. Alikaa na timu ya mji wake misimu 12, na mwaka 2022 aliipa ubingwa wa msimu wa Big East, wa kwanza katika historia yake. Mwaka 2015 Kris Dunn, ambaye NBA ilikuwa ikimsubiri mlangoni, alirudi kwake kucheza mwaka mmoja zaidi. Nilimwekea alama kwa ajili ya mwaka huo mmoja. Nilimpunguzia alama pia: kwenda Georgetown kulikuwa ni kuhamia kwa wapinzani wa ligi ileile, na watu wa mji wake wangeumia. Waliumia kweli. Lakini upande wa Georgetown nilisema kama wazee wetu: mgeni njoo, mwenyeji apone. Cooley ndiye aliyechaguliwa.

Siku ile nilimpelekea habari asistanti mmoja wa kitivo, shabiki wa TP Mazembe hadi mifupani. Alinisikiliza, akacheka.

«Mdogo wangu,» akasema, «timu iliyofungwa mechi zote za ligi haitafuti mtawa wa kukaa benchi. Inatafuta mabao. Pale Kamalondo ukishindwa mara tatu, nani atakuuliza wachezaji wako wamesoma nini?»

«Kamalondo ni klabu, asistanti. Hiki ni chuo.»

«Kilikuwa chuo. Siku hizi wanalipwa.»

Alikuwa na hoja, na mpaka leo sijaimaliza. Mwaka 2021 wachezaji wa vyuo vya Marekani waliruhusiwa kupata fedha kwa jina na sura zao, na mwaka huohuo wakaruhusiwa kuhama chuo mara moja bila kukaa msimu mzima nje. Mwaka 2024 kikomo cha kuhama kiliondolewa. Toka 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa moja kwa moja. Siwanyimi haki hiyo. Miaka mingi jasho lao liliwatajirisha wengine, na Thompson, aliyetoka uwanjani kwa ajili ya maskini, asingewaonea wivu. Hata yeye aliona mabadiliko yanakuja: mwaka 1996 Allen Iverson, kijana aliyempokea wakati wengi walikuwa wamempa mgongo, alikuwa wa kwanza katika timu yake kwenda NBA kabla ya kumaliza masomo. Lakini tazama Georgetown ya Cooley. Msimu wa kwanza ushindi 9 na vipigo 23. Wa pili ushindi 18 na vipigo 16. Nyota wa msimu huo wa pili, Thomas Sorber, alikuwa wa mwaka wa kwanza. Aliumia mguu kabla ya msimu kwisha, na mwaka 2025 akaingia NBA. Mutombo alikaa miaka minne. Kwa mwaka mmoja, mwalimu amfundishe kijana nini?

Nilimrudishia asistanti jibu baada ya wiki kadhaa, na bado nalishikilia. Muda ukifupishwa, swali langu linazidi uzito. Kijana anayekaa miaka minne anaweza kulelewa na chuo kizima hata kama kocha ni mzembe. Anayekaa mwaka mmoja ana kocha peke yake. Na kwa kila Sorber mmoja kuna vijana wengi watakaohama vyuo viwili vitatu wakifuata ahadi, kisha upepo utoke. Asistanti alitikisa kichwa, akasema nitaona. Hatujaafikiana.

Mutombo alifariki tarehe 30 Septemba 2024, akiwa na miaka 58. Mwaka uliofuata nililazimika kuchagua profesa wa kuisimamia kazi yangu ya mwisho wa masomo, na hapo nikaona kwamba ile orodha ya nyuma ya daftari haikuwa mchezo. Mbele yangu walikuwepo watatu. Mmoja jina lake limeandikwa kwenye vitabu vingi. Wa pili anatoka kwetu, anaongea lugha ya mama yangu, na wajomba walikuwa wamekwisha kunishauri. Wa tatu hakuna amsifuye sana. Sikuuliza vitabu wala kabila. Nilikwenda kwa wanafunzi waliowahi kusimamiwa na kila mmoja wao, hasa wale ambao hawakubaki chuoni kuwa maasistanti: anayefundisha sekondari kule Likasi, anayeuza vitambaa, anayetangaza redioni. Niliwauliza mambo mawili. Je, ulimaliza? Na sura zako alizisoma kweli?

Wa profesa wa tatu walikuwa wamemaliza karibu wote. Yule wa redioni alinionyesha sura yake ya kwanza, ambayo ameihifadhi hadi leo: kila ukurasa una wino mwekundu hadi ukingoni. Kesho yake nilipeleka ombi langu. Yapata miezi minane sasa, na kurasa zangu nazo zinarudi nyekundu.