Sehemu ya 7: Betri zilikuwa tatu

Mama mwenzangu, na wewe baba unayesoma kimyakimya, leo niliahidi kuandika kuhusu homa ya usiku, lakini naomba niiweke pembeni. Kuna jambo limetokea nyumbani kwangu, hapa hapa Mbezi Beach, kwangu mimi nesi ninayewashauri kila wiki. Nikilinyamazia nitakuwa mnafiki.

Jumapili iliyopita nilitoka zamu ya usiku. Nikashuka kituo cha Makonde, nikachukua bajaji, nikafika, nikaoga, nikalala kama gogo. Baba watoto alikuwa safari. Dada wa kazi alikuwa jikoni. Sebuleni kulikuwa na mwanangu wa miaka 11, binamu yake wa miaka 13, na kale kadogo kangu ka miaka miwili kanakozurura nyumba nzima.

Binamu alikuja na bunduki ya kuchezea aliyotumiwa na mjomba wake aliyeko Oman. Imeigwa kwenye ule mchezo wa wakubwa wa kurushiana vidonge vya rangi, ila hii inarusha vidonge laini vya jeli. Juu yake ina hopa, yaani kichombo cha kubebea vidonge, na ndani ya hopa kuna mota ndogo inayozungusha pangaboi ili vidonge vishuke bila kukwama. Mota inatumia betri moja ya volti 9, ile ya mraba.

Basi watoto wakaona mota inazunguka polepole. Wakaifungua. Wazo lao, ambalo kusema kweli si la kijinga, lilikuwa hili: ukiunga betri kwa foleni, chanya ya hii kwenye hasi ya ile, volti zinajumlishana, na mota inakwenda kasi zaidi. Betri ya pili ya volti 9 hawakuwa nayo. Wakachomoa vibetri vitatu vya kitufe kwenye kitaa chekundu cha kulengea shabaha. Kila kimoja volti 1.5, jumla 4.5. Wakasokota waya, wakafunga selotepu, wakapiga hesabu: volti 13 na nusu!

Mota haikuongeza kasi. Ilizidi hata kuzubaa. Wakakasirika, wakabomoa kila kitu mkekani, wakatoka nje kucheza mpira.

Niliamshwa na mwanangu amesimama mlangoni, macho yamemtoka. Akasema, "Mama, betri zilikuwa tatu. Naona mbili."

Niliruka kitandani. Nikamuuliza, tangu saa ngapi? Akaangalia chini. Alikuwa ameitafuta chini ya makochi karibu saa nzima kabla ya kuniambia. Kwa nini? Kwa sababu mwaka jana alifungua redio yangu nikamchapa. Aliogopa fimbo. Mama mwenzangu, hilo neno limenikaa kifuani mpaka leo, na nitakueleza kwa nini.

Betri ya kitufe haihitaji kupasuka ili idhuru. Ikikwama kwenye koo la chakula, majimaji ya mwili yanakamilisha njia ya umeme, na pale ilipogusa panatengenezeka kemikali kali inayounguza nyama ya mtoto. Ndani ya saa mbili tu inaweza kuacha kidonda kibaya sana. Hata ile iliyoishiwa, uliyoitoa kwenye rimoti ukaitupa kwenye droo, bado inaweza kubaki na nguvu ya kuunguza. Mimi nilikuwa na saa mbili, na saa moja tayari ilikuwa imeliwa na hofu ya mwanangu kwangu.

Kadogo kalikuwa kanacheza tu, hakatapiki, hakakohoi. Usidanganyike na hilo. Mwingine anatoa mate mengi, anakataa kula, anakohoa ukadhani ni mafua. Mwingine haonyeshi kitu kabisa. Ukishuku tu, hiyo ni dharura.

Nikafanya hivi, na wewe ukumbuke. Sikumtapisha. Sikumpa chakula wala maji. Nilibeba asali, nikampa vijiko viwili vya chai, na kila baada ya dakika kumi tena, tukiwa njiani. Asali inapunguza ule uunguaji wakati unakimbilia hospitali. Ni kwa mtoto aliyezidi mwaka mmoja tu, anayemeza vizuri, na aliyemeza betri ndani ya saa 12. Usizidishe mara sita. Na kama asali haipo ndani, usiende dukani kuitafuta, wewe nenda hospitali. Asali haitibu.

Barabara ya Bagamoyo mnaijua. Sitaki kuisimulia ile foleni.

Mlangoni nilisema sentensi moja: "Nashuku amemeza betri ya kitufe, naomba eksirei sasa hivi." Iseme hivyo hivyo. Usianze na "mwanangu hajisikii vizuri". Picha ikatoka. Ilikuwepo. Betri kwenye picha mara nyingi huonekana kama duara lenye pete mbili, ndivyo tunavyoitofautisha na sarafu. Namshukuru Mungu, ilikuwa imeshapita koo, iko tumboni. Ni ndogo, haifiki milimita 12, na mtoto hana dalili, kwa hiyo daktari aliturudisha nyumbani: ale kawaida, nichunguze kila choo, na akitapika, akiumwa tumbo, akipata homa au damu kwenye choo, turudi mbio. Isipoonekana, turudie picha baada ya siku 10 hadi 14. Ingekwama kooni, tungelala huko.

Nesi mzima, siku tatu nachambua poti kwa kijiti. Jumatano asubuhi nikaisikia imegonga plastiki. Nililia pale pale bafuni.

Jioni yake sikuitupa ile bunduki. Nilimchukua mwanangu tukaenda kwa fundi redio. Fundi alicheka kwanza, kisha akamweleza kwa upole. Vibetri vya kitufe vina volti lakini havina nguvu ya kusukuma mota, ndiyo maana ilizubaa. Na wangeipata ile betri ya pili ya mraba, volti 18 kwenye mota ya volti 9, kidonge kikikwama na mota ikasimama, joto lingefika mara nne ya kawaida, na selotepu ile ingeyeyuka mikononi mwao. Akamwonyesha kulehemu waya na kuweka fyuzi. Mwanangu alisikiliza kuliko anavyonisikiliza mimi.

Sasa sheria za nyumbani kwangu. Kitu cha kufungua kinafunguliwa mezani, si mkekani, mtu mzima akijua. Betri zinakaa kwenye kopo lenye kifuniko cha kuzungusha, juu kabati. Ile ya mraba tunaibandika selotepu kichwani, maana chanya na hasi ziko upande mmoja, ikigusana na funguo droo inaweza kushika moto. Vile vidonge vya jeli navyo kadogo hakavigusi: vikimezwa vinavimba tumboni na kuziba utumbo, na kwenye eksirei kwa kawaida havionekani.

Na sheria kubwa nimeitoa kazini. Chumba cha upasuaji, wauguzi tunahesabu vitambaa na vifaa kabla ya kupasua, tunahesabu tena kabla ya kushona. Hesabu isipolingana, tunasema kwa sauti, na hakuna anayemgombeza aliyesema. Nimemwambia mwanangu: hesabu kabla, hesabu baada, na ikipungua njoo niamshe, hata kama nimetoka zamu. Hautachapwa.

Kuhusu ile saa moja nimemwomba msamaha. Alinijibu, "Sawa mama," akaendelea kuhesabu skrubu zake.

Usiku huu, kabla hujalala, angalia rimoti, saa, mizani ya jikoni, kadi ya bethidei inayoimba. Kifuniko kimelegea? Kaza. Halafu muulize mkubwa wako: ukiharibu kitu, utaniambia? Msikilize anavyojibu.

Homa ya usiku tutaizungumza sehemu ya 8. Mbaki salama.