Corona, kujitoa uhai na hesabu isiyokamilika

Wengi wenu mmezoea kunikuta hapa nikilalamikia bei ya intaneti, au nikieleza jinsi ya kuhamisha rekodi kutoka seva moja hadi nyingine bila kupoteza hata moja. Leo mada ni nzito kidogo, lakini mtaona sijatoka mbali na kazi yangu. Swali ni hili: je, janga la corona liliongeza idadi ya Wakenya wanaojitoa uhai?

Huku Eastlands jibu liko tayari. Uliza ndani ya matatu ya Kayole au kwenye kibanda cha chai pale Donholm, utaambiwa bila kusita: corona ilimaliza watu, na si kwa kikohozi peke yake. Tena takwimu zipo. Mwaka 2021 Idara ya Upelelezi wa Jinai (DCI) ilitangaza kwamba watu 483 walijitoa uhai katika miezi mitatu hadi mwisho wa Juni, ilhali mwaka mzima wa 2020 waliorekodiwa walikuwa 320. Chora grafu ya namba hizo uone, mstari unapaa kama ndege inayotoka Embakasi!

Sasa sisi watu wa programu tuna tabia moja mbaya. Tukiona mstari umepaa ghafla hatuulizi kwanza dunia imebadilika vipi. Tunauliza, je, ni nani anaingiza hizi data, na anaziingiza vipi?

Tupige hesabu pamoja. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019, kabla ya corona, Kenya ilipoteza kwa njia hii takriban watu 6 katika kila 100,000. Sensa ya mwaka huo ilituhesabu milioni 47.5. Zidisha, gawanya, unapata zaidi ya watu 2,800 kwa mwaka. Kumbe wale 320 wa mwaka 2020 ni kama mtu mmoja kati ya tisa wa makadirio hayo! Na zile 483 za miezi mitatu, hata ukizizidisha mara nne, zinafika 1,932, bado chini ya makadirio ya mwaka wa kawaida. Makadirio nayo si msahafu. Lakini pengo la ukubwa huo linatuambia kwamba daftari la polisi linanasa sehemu ndogo tu ya vifo. Sehemu hiyo ikipanda, huenda vifo vimeongezeka, huenda kuripoti kumeongezeka, huenda ni vyote viwili.

Wale wengine wanapotelea wapi? Nitawaambia ninavyoona kutoka mtaani kwangu Umoja.

Mwaka 2020 alikufa jirani yetu wa ghorofa ya tatu. Alikuwa dereva wa basi la shule. Shule zilifungwa katikati ya Machi, na madarasa yote yalirudi Januari 2021. Hesabu mwenyewe hiyo ni miezi mingapi bila mshahara. Aliuza kochi, akauza televisheni, akaanza kutoka alfajiri ili asikutane na mwenye ploti kwenye ngazi. Tena kulikuwa na mikopo ya simu. Wale wa programu moja ya mikopo walipomkosa yeye walianza kuwapigia watu waliomo kwenye orodha ya simu yake, mmoja baada ya mwingine, mpaka mama mkwe. Siwezi kusema ni lipi kati ya haya lililomuua. Wanaoshughulika na mambo haya wanasema ni nadra sababu kuwa moja. Ninachojua ni kwamba majirani wote walijua alivyokufa, na tangazo la mazishi lilisema "presha".

Siwalaumu jamaa zake. Wakati huo kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilisema kujaribu kujitoa uhai ni kosa, kifungo hadi miaka miwili. Marehemu hashtakiwi, hilo linajulikana. Lakini sheria inayoita kitu uhalifu inakifanya kiwe cha kufichwa, na aibu yake haiulizi kama umekufa au umenusurika. Ongeza kanisa, ongeza wazee wa kijijini ambao pengine watakataa azikwe karibu na wenzake. Ungekuwa wewe ni mjane mwenye watoto watatu, ungesema nini kwa naibu wa chifu?

Basi jirani yetu ni rekodi iliyopotea. Grafu yoyote utakayochora ya mwaka 2020, yeye hayumo.

Kwingineko duniani walipata nini? Mwaka 2021 jarida la Lancet Psychiatry lilichapisha utafiti wa nchi 21, na katika miezi ya mwanzo ya janga haukuona ongezeko kubwa. Marekani hesabu ilishuka kutoka 47,511 mwaka 2019 hadi 45,979 mwaka 2020, halafu ikapanda tena mwaka 2021. Wapo wanaoeleza hivi: balaa likianza watu hushikamana, serikali hutoa fedha, kila mtu yuko nyumbani na mwenzake. Deni huja baadaye. Japan ndiyo mfano ulio wazi zaidi. Kati ya Februari na Juni 2020 vifo vya aina hii vilipungua kwa asilimia 14, kisha kati ya Julai na Oktoba vikapanda kwa asilimia 16, na walioumia zaidi walikuwa wanawake na vijana wadogo.

Lakini angalieni orodha ya zile nchi 21. Zote ni za kipato cha juu au cha kati cha juu. Kenya hatumo. Wale walioshuka walikuwa na kitu cha kuwashikilia. Huku kwetu kafyu ilianza tarehe 27 Machi 2020, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, na saa zile za jioni ndizo saa za mauzo kwa mama wa chapati, muuza mitumba na kinyozi. Siku chache baadaye mtoto wa miaka 13 alipigwa risasi ya polisi akiwa kwenye roshani ya kwao Kiamaiko. Mei mwaka huo maelfu ya watu walibomolewa nyumba Kariobangi, mvua ikinyesha. Mimi naamini kabisa watu walivunjika. Ninachokataa ni kuchukua namba mbili za polisi na kuziita ushahidi.

Mtauliza, kuhesabu kuna faida gani, aliyekufa si ameshakufa? Japan polisi hutoa hesabu kila mwezi. Ndiyo maana lile ongezeko la Julai lilionekana mapema, na Februari 2021 serikali yao ikateua waziri wa kushughulikia upweke. Mtu anaweza kulicheka hilo jina la wizara, lakini huwezi kuteua waziri wa jambo usiloliona. Hapa kwetu jopokazi lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilipendekeza mwaka 2020 kwamba maradhi ya akili yatangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Dharura bila hesabu itapimwa kwa nini?

Habari njema ni kwamba tarehe 9 Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kifungu cha 226 kinakiuka Katiba. Kesi ilikuwa imeletwa na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu pamoja na wengine. Sasa sikilizeni vizuri, hapa ndipo nilipokuwa naelekea. Hofu ikipungua, watu watasema ukweli zaidi. Wakisema ukweli, namba zitapanda. Siku hiyo magazeti yatapiga kelele kwamba hali imeharibika, na mwanasiasa fulani atasema afadhali sheria irudi. Mkiona mstari umepaa, kumbukeni kuuliza lile swali la watu wa programu. Huenda ni watu wa "presha" ambao hatimaye wameandikwa walivyokufa.

Wakati tunangoja takwimu, kazi ya jirani haingoji. Ukiona mtu anauza vitu vyake kimoja kimoja na anakwepa watu kwenye ngazi, gonga mlango. Kumuuliza mtu waziwazi kama anawaza kujitoa uhai hakumpandikizii wazo hilo, wataalamu wamelisema hili mara nyingi. Na kama ni wewe unayesoma hapa usiku huu na mzigo umekulemea, piga 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, haikatwi pesa, au watafute Befrienders Kenya. Wiki ijayo tunarudi kwenye mambo yetu ya seva.