Kaletewa Mtoto wa Mbwa Siku ya Bethidei, Mama Mwenye Nyumba Akauliza Swali Moja Tu

Ilikuwa Jumamosi jioni, Sinza. Dada katimiza miaka 26, mashosti wamejaa sebuleni, ndoo mbili za maji alishamwagiwa uani na keki imeshakatwa. Jamaa yake akaingia kabeba boksi lenye utepe mwekundu. Boksi likatikisika. Mayowe! Ndani kulikuwa na kijibwa cheupe, manyoya tupu, kinatetemeka kama kimetolewa kwenye friji.

Video ikapanda Insta usiku uleule. Wadau mnajua inavyokuwaga: mioyo myekundu, "Mungu nikumbuke na mimi", "huyu ndo mwanaume sasa". Kufika asubuhi laiki zilishapita elfu moja, na kijibwa kilishakojoa kwenye godoro.

Kwenye shangwe zote zile hakuna aliyeuliza huyu mbwa atalala wapi. Dada anakaa chumba na sebule, nyumba ya wapangaji sita, korido moja, choo cha uani. Kodi ya miezi sita ndo kwanza kailipa. Mama mwenye nyumba ni mtu wa swala tano, mkeka wake anautandika hapohapo barazani, na kwake mate ya mbwa ni najisi ya kuoshwa mara saba. Hakugomba. Alisubiri mpaka Jumatatu, dada anatoka kwenda kazini, shikamoo ikapokelewa vizuri kabisa, kisha akauliza: "Mwanangu, huyu mgeni wako anaondoka lini?"

Tumtendee haki jamaa, nia yake haikuwa mbaya. Kakulia Moshi, nyumbani kwao mbwa alikuwa wa kulala nje karibu na migomba, anakula makombo ya jana, usiku anabweka, maisha yanaenda. Kwake mbwa ni kitu kinachojilea chenyewe. Dada kakulia Tanga, na mnyama anayemjua ni paka, anayekuja kwa harufu ya samaki na kuondoka akishiba. Eti ushahidi wa jamaa ni kwamba siku moja dada aliona picha ya kijibwa kwenye simu akasema "jamani kazuri!" Sasa mtu akisema "kazuri" anaomba aletewe? Mara ngapi tunasema hivyo kwa watoto wa watu?

Wiki ya pili kijibwa kikagoma kula. Kikaanza kutapika, halafu kuharisha damu. Dada akakifunga kwenye kanga, akapanda bajaji mpaka kwa daktari wa mifugo. Jibu: parvo. Huu ni ugonjwa wa virusi unaopenda sana watoto wa mbwa, dawa ya kuua virusi vyenyewe hakuna kwenye zahanati za kawaida, unachofanya ni dripu, kuzuia kutapika na kuomba Mungu. Chanjo ipo, ila inaanza kwenye wiki ya sita hadi ya nane na inarudiwa kila baada ya wiki chache mpaka mbwa afikishe kama miezi minne. Yule muuzaji wa barabarani alimwambia jamaa "huyu kachanjwa kila kitu, bro". Karatasi ya chanjo? Hakuna. Na jamaa hakuidai, maana akili yote ilikuwa kwenye utepe.

Siku nne za dripu zilikula mtaji wa dada wa kuuzia viatu mtandaoni. Alipomtumia jamaa meseji ya gharama, ikarudi elfu ishirini na maneno haya: "Pole baby, ndo changamoto za ufugaji." Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Dada anasema hela haikumuuma kama hilo neno ufugaji. Yeye lini aliamua kufuga?

Na bado kulikuwa na kichaa cha mbwa. Karibu watu wote wanaokufa kwa kichaa duniani wameumwa na mbwa, na dalili zikishaanza kwa mtu, kupona ni karibu haiwezekani. Kwa hiyo mbwa akifika miezi mitatu anachanjwa, na chanjo inarudiwa. Kwenye korido yenye watoto wa wapangaji watano, hilo siyo jambo la "tutaangalia mwezi ujao". Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008, na mwenye mnyama ndiye anayewajibika kumlisha, kumtunza na kumtibu. Sheria haijali kama ulimnunua au ulifunguliwa boksi mbele ya kamera.

Kuna watakaosema basi wanyama wasitolewe zawadi kabisa. Hapana, siyo rahisi hivyo. Mwaka 2013 watafiti wa ASPCA, shirika la Marekani la kutetea wanyama, walitoa utafiti kuhusu watu waliopewa mbwa na paka kama zawadi, na wengi walisema kupewa hakukupunguza mapenzi yao kwa mnyama. Dada mwenyewe ni shahidi. Usiku ule wa dripu alilala kwenye benchi la zahanati, mkono kaushika mguu wa kijibwa, analia. Mapenzi yalikuwepo. Nafasi, hela na ruhusa ya mama mwenye nyumba ndivyo havikuwepo, na mbwa anaweza kuishi miaka kumi na zaidi. Jamaa angeuliza maswali matatu tu kabla, hata kwa kuzungusha, sapraizi isingeharibika. Angeweza hata kumpeleka dada akachague mwenyewe.

Kijibwa kilipona. Dada akamwambia jamaa akichukue, jamaa akasema kwa kaka yake anakoishi hawataki mbwa. Yaani alijua kwao hakiwezekani, akakipeleka kwa mwenzie!

Sasa hivi kipo Kibaha kwa shangazi wa dada, penye uwanja na ukuta, kimechanjwa na karatasi ipo. Jumapili dada anapanda daladala anakipelekea dagaa. Mama mwenye nyumba kaosha korido, kanyamaza, na Ijumaa iliyofuata alimletea dada sahani ya pilau.

Jamaa bado anapiga simu. Wiki iliyopita aliomba waende Kibaha wote. Dada kamjibu atakuja na gunia la chakula cha mbwa begani, siyo na simu ya kurekodi. Mpaka leo jamaa hajasema kama anakwenda.