Stelingi Hafi, Mlinzi Hana Jina

Mimi stelingi wangu ni Schwarzenegger na sitaki ubishi. Wapo wanaosema Rambo, wapo wa Van Damme, wapo na wale wa Jackie Chan ambao hata wakipita njiani wanaipiga mateke migomba ya watu. Sawa, kila mtu na wake. Lakini mimi niliiona Commando, picha ya mwaka 1985, nikiwa darasa la tatu mwaka 2009, kwenye kibanda umiza kimoja cha huku kwetu Nyarero, nimekaa chini vumbini kwa kiingilio cha shilingi mia, na tangu siku ile sijaona mwingine.

Kama hujawahi kukaa kibanda umiza, ndugu msomaji, pole. Ni banda la mabati, madirisha yamezibwa kwa viroba ili mwanga usiingie, jenereta inaunguruma nje, na TV ya kichogo iko mbele juu ya meza. Wakubwa wanakaa kwenye mabenchi, sisi wadogo chini. Na picha yenyewe imetafsiriwa kwa Kiswahili. Tulikuwa na Lufufu wa hapa Tanzania, tulikuwa na DJ Afro wa Kenya, maana sisi ni watu wa mpakani, Sirari haiko mbali na vya Kenya vinatufikia. Watu wa mjini wanawabeza watafsiri hawa, eti wanaharibu picha, wanamwekea mwigizaji maneno ambayo hakusema. Kwani nani alitaka aliyosema? Mtafsiri mzuri anamtambulisha adui kwa sentensi moja tu, ukamchukia mpaka picha iishe. Shuleni nilifundishwa dhamira na wahusika na mandhari, nikapata hata C ya Kiswahili, lakini hakuna mwalimu aliyenionyesha namna ya kumzuia mtu mwenye njaa asitoke bandani. Hilo nimelipata kwa watafsiri.

Hebu ikumbuke ile Commando inavyoanza. Jamaa anatembea msituni, begani amebeba gogo zima. Ni mwanajeshi mstaafu, anaishi mlimani mbali na watu, yeye na binti yake tu, anapasua kuni zake. Hana maneno mengi. Majambazi wanakuja kumteka yule binti. Basi! Jamaa anajifunga silaha, anakwenda kumaliza kisiwa kizima. Siku ile mlangoni alisimama mzee mmoja na fimbo, amekuja kumsaka mwanawe aliyetoroka kuchunga. Akatazama, akatazama, mwisho akakaa. Picha ilipoisha akasema, "Huyu ni Mkurya." Banda zima tukapiga makofi.

Na kasoro yake iko wapi? Mstaafu wa jeshi, mkimya, mpole mpaka umguse mwanawe. Wakurya wengi walichukuliwa jeshini tangu enzi za KAR ya Mwingereza, na huku kwetu mzee wa namna hiyo hukosi kumkuta akipasua kuni.

Lakini hapo ndipo ninapoumia. Mzungu akifanya hayo ni stelingi. Mkurya akifanya hayo kwenye vichekesho vyetu ni chizi wa panga. Tazama zile filamu za Bongo za enzi zile. Gari linapiga honi nje ya jumba, geti linafunguka, anatokea mlinzi, kofia imekaa upande, anapiga saluti ya kuchekesha. Akifungua mdomo L zote zimekuwa R, "mura" ni kila neno la tatu, na ikitajwa ndoa yake basi ni kuhusu kipigo. Amemaliza kazi. Picha inaingia sebuleni kwenye makochi na machozi, na yeye hatumwoni tena mpaka honi nyingine.

Usidhani sisi huku tulikuwa tunanuna. Tulicheka kuliko watu wa Dar! Tulishikana mabega kwa kucheka, halafu tukatoka nje tukaitana mura kwa sauti ya yule mlinzi, wakati sauti zetu wenyewe zilikuwa hizo hizo.

Filamu za marehemu Kanumba nilizipenda, nasema bila aibu. Alizaliwa Shinyanga, Kanda ya Ziwa hii hii, akafika mpaka kucheza na Wanaijeria kwenye Dar 2 Lagos ya mwaka 2006. Ukimwona kwenye Oprah, ya mwaka 2008, ungesema kazaliwa Masaki. Alipofariki tarehe 7 Aprili 2012 nilikuwa darasa la sita, na dada zangu walilia kama tumefiwa nyumbani. Mimi nililia pia, ila niliingia shambani kwanza. Nilitaka kuwa kama yeye. Lakini somo nililolichukua kwake, na hili ni kosa langu, lake halimo, ni kwamba ili uwe stelingi lazima kwanza uonekane umetoka mahali pengine.

Kwenye muziki mambo ni afadhali. Saida Karoli alitoka Bukoba mwanzoni mwa miaka ya 2000 akaimba kwa Kihaya, na nchi nzima ikaimba "Maria Salome" bila kujua nusu ya maneno. Mwaka 2016 Diamond na Rayvanny wakatoka na "Salome", wimbo uliojengwa juu ya ule wa kwake, tukacheza upya. Kihaya chake kilipendwa, hakikuwa kichekesho. Sasa sisi tuna ritungu, nyuzi nane, mpigaji akilishika vizuri hata ng'ombe wanatulia, na vijana wa Bongo Fleva wanakimbilia amapiano ya Afrika Kusini. Nilikuwa nalalamika hivyo kijiweni, mshkaji mmoja akachukua simu yangu akahesabu. Nyimbo za ritungu: mbili. Amapiano: sikumwacha amalize.

Na tamthilia je? Mwaka 2011 TBC walianza kuonyesha ile ya Wachina, Doudou na Mama Wakwe Zake, imetiwa sauti za Kiswahili. Bibi yangu aliipenda kupita kiasi. Alikuwa akiuliza yule mama mkwe ni wa ukoo gani. Rais Xi Jinping alipokuja Dar mwaka 2013 aliitaja kwenye hotuba yake, na bibi akasema, "Kumbe na yeye anaifuatilia." Lakini fikiria, kama mama mkwe wa Beijing anaweza kukaa sebuleni kwa bibi, je, nyumba ntobhu yetu? Mama asiyejaaliwa mtoto wa kiume anatoa ng'ombe, anaoa mke, ili apate wajukuu wa kubeba jina la nyumba yake. Mapenzi yamo, mali imo, wivu umo, majirani wamo. Wachina wasingelala. Nimesubiri kuiona kwenye tamthilia, bado nasubiri.

Haya yote nimeyasema sana vijiweni, na watu wananiita mchambuzi. Sasa nitakwambia aibu yangu.

Tangu nimalize kidato cha nne mwaka 2017 naandika riwaya. Iko kwenye kaunta buku la kwaya tatu, ukurasa wa 96. Ni ya mauaji. Tajiri anauawa usiku nyumbani kwake Mikocheni, na mpelelezi wangu, kijana mtanashati asiyekosea shabaha, anamsaka muuaji. Mikocheni yenyewe nimefika mara moja, na nilikuwa natafuta choo.

Desemba iliyopita baba mdogo alikuja likizo. Yeye ni mlinzi Dar, ana miaka 11 getini. Jioni moja akasema, "Nasikia unaandika kitabu. Nisomee." Nikajisikia, nikaanza kusoma kwa ile sauti ya watafsiri wangu. Ikaenda vizuri mpaka ukurasa wa 14, pale gari la mpelelezi linapopiga honi. Akatokea mlinzi. Kofia upande. Saluti. "Mura, unakwenda wapi, nitakukata panga." Niliyaandika mwenyewe, kwa mkono wangu, na nakumbuka nilicheka peke yangu nikiyaandika.

Baba mdogo alicheka pia, kidogo. Nikaendelea kusoma, haraka haraka. Akanikatisha.

"Huyu mlinzi anaitwa nani?"

"Hana jina, baba."

"Ahaa. Na usiku ule tajiri anauawa alikuwa wapi?"

"Amelala."

"Nani kakwambia amelala?"

Sikuwa na jibu. Nilimlaza kwa sababu kwenye picha huwa wanalala. Baba mdogo hakukasirika, ningependa angekasirika. Alianza kunieleza kazi kama fundi anavyomweleza mtu anayetaka kujenga nyumba bila msingi. Kwamba honi ikilia hufungui, unachungulia kwanza kwenye tundu. Kwamba kuna daftari, kila gari linaandikwa namba na saa. Kwamba mbwa ana mlio wa mgeni na mlio wa anayemjua, na ukikaa naye miezi miwili unaujua hata ukiwa chooni. Kwamba yeye ndiye anayejua bosi karudi saa ngapi na kashushwa na gari la nani, na mama hajui. Usiku mmoja mtoto wa bosi aliumwa ghafla, na aliyempakata wakati wazazi wanahangaika na funguo za gari ni yeye. "Huyo muuaji wako," akasema, "asingepita. Na kama alipita, basi mlinzi alimjua. Sasa wewe mbona hukumuuliza?"

Kurasa 96, bwana! Mpelelezi wangu mtanashati amehoji watu tisa, wawili kati yao mpaka Nairobi, na mtu aliyekuwa na daftari la magari mkononi hakumuuliza hata salamu.

Nimeanza upya. Safari hii anayesimulia ni mlinzi. Jina bado linanisumbua; niliweka Chacha, baba mdogo akakataa, akasema kila Mkurya kwenye picha anaitwa Chacha. Na kuna jambo jingine ambalo sijaliamua. Baba mdogo akisema lindo, ulimini unatoka rindo. Hapa juu maneno yake nimeyaandika na L zote. Sijui kama hiyo ni heshima au ni woga.

Amesharudi Dar. Zamu yake ni ya usiku, kwa hiyo nampigia kwenye saa nane, magari yakiwa yamepungua. Naweka tochi kwenye kaunta buku, namsomea. Anasikiliza kimya, namsikia akipumua tu na mbwa wakibweka nyuma yake, halafu ghafla ananikatisha: "Subiri hapo hapo, mura. Kuna gari."