Kutafuta Halali Guangzhou

Wafanyabiashara wa Kariakoo wanaokwenda Guangzhou kufunga mzigo hawaishiwi na ushauri kwa mgeni: hoteli ipi nafuu, wakala yupi wa kontena wa kuepukwa. Mimi nilitaka kujua nitakula nini. Mama mmoja niliyesafiri naye, mzoefu wa njia ile, alinijibu tukiwa bado uwanja wa ndege: “Mwanangu, nguruwe mwenyewe utamwona. Ogopa usichokiona.”

Nilimwelewa tulipofika Xiaobei, mtaa uliojaa Waafrika. Sahani ya mboga isiyo na hata kipande cha nyama huenda imekaangwa kwa mafuta ya nguruwe. Kuku huenda amelowekwa kwenye mvinyo wa mchele. Na huyo kuku, amechinjwa na nani? Katika sheria ya Kiislamu, mchinjaji awe Mwislamu au mtu wa Kitabu, mnyama awe hai, koo na umio vikatwe kwa kisu kikali, jina la Mwenyezi Mungu litajwe, damu imtoke. Akifa bila kuchinjwa ni kibudu, na kibudu kimeharamishwa pamoja na nguruwe katika aya ya 3 ya Surat al-Maida.

Mama akanipeleka kwenye mgahawa wa Wahui, Waislamu wa Kichina, waliotoka Qinghai. Mpishi mwenye kofia nyeupe alivuta donge la unga, akalikunja, akalivuta tena, mpaka likawa tambi nyembamba. Akazitosa kwenye maji yanayochemka, kisha akazimwagia supu ya ng'ombe yenye figili, giligilani na mafuta ya pilipili. Pombe haikuuzwa humo. Nilikula bila kuuliza lolote, raha ambayo Dar es Salaam sikuwahi kuihesabu kuwa ni raha.

Ijumaa tulisali katika msikiti ulio karibu na kaburi ambalo wenyeji wanaamini ni la sahaba Saad bin Abi Waqqas. Nje kulikuwa na soko: mishikaki ya kondoo, mikate ya tanuri, mapaja yananing'inia. Nikamuuliza Mama anajuaje kuwa nyama ile ni halali.

“Cheti kinaweza kuchapishwa na yeyote,” alisema. “Huyu muuzaji yumo safuni kila Ijumaa, na watu wanaomjua wananunua kwake.”

Siku moja nilimwonyesha mwenye mgahawa picha ya pweza wa kuchoma wa Forodhani. Akakunja uso, akaandika kwenye simu yake, nayo ikatafsiri: kweli mnamla? Wahui wengi ni wa madhehebu ya Hanafi, na kwao kiumbe wa baharini aliye halali ni samaki tu. Kwetu sisi Washafii wa Pwani, pweza ni kitoweo cha heshima, wa nazi au wa kuchoma.

Mama akacheka. “Kwenye nguruwe na kisu tuko pamoja naye,” akaniambia. “Kwenye pweza, kila mtu na imamu wake.”